Gemu Mia Tatu Thelathini na Moja

Siku ya pili baada ya Krismasi, Virpi Hyttinen alikuwa akitafuta chaja nyuma ya kabati la televisheni, akakuta gemu aliyomnunulia mumewe miaka mitatu nyuma. Ilikuwa bado imevikwa nailoni yake. Kadi aliyoiandika kwa mkono wake ilikuwa imebanwa chini ya utepe: Heri ya kuzaliwa, mpenzi. Pumzika kidogo.

Aliichukua mpaka jikoni, ambako Tuure alikuwa akila mabaki ya paja la nguruwe la sikukuu, akaiweka mezani kando ya sahani yake. Kisha akarudi sebuleni kutafuta chaja. Walikuwa wameishi pamoja miaka kumi na tisa katika fleti ile ya ghorofa ya tatu mjini Kuopio, na Tuure alijua kwamba Virpi akinyamaza namna hiyo, jambo limemwingia.

Tuure alikuwa mwokaji. Tangu ana miaka ishirini na miwili alifanya kazi kwenye tanuri moja karibu na soko, wakioka ile mikate mikubwa myeusi inayofungiwa samaki wadogo na mafuta ya nguruwe ndani. Aliingia kazini kabla hakujapambazuka, akatoka saa sita mchana, na mchana wote uliobaki ulikuwa wake. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye maneno machache. Gemu alianza kuzipenda utotoni, yeye na mdogo wake Oiva, wakigombania pedi moja ya kuchezea yenye kitufe kilichovunjika. Sasa alikuwa na miaka arobaini na sita, na kila palipotangazwa punguzo alinunua, kama mtu anayejiwekea kuni za majira ya baridi. Nyingine zilikuwa kwenye maboksi rafuni, nyingine zilikuwa ndani ya mashine tu, majina yamejipanga. Kununua kulimpa raha. Kucheza alikuwa akikuahirisha.

Jioni ile alikaa sakafuni akahesabu zile ambazo hajawahi kuzimaliza. Zilikuwa mia tatu thelathini na moja.

"Sinunui nyingine mpaka nizimalize hizi," alimwambia Virpi.

"Zipi?"

"Zote."

Virpi alimtazama juu ya miwani. "Hata hiyo yangu?"

"Hiyo ndiyo ya kwanza."

Ile gemu ya Virpi ilihusu kufuga nyuki bondeni. Tuure aliianza siku ya kwanza ya Januari, au tuseme alitaka kuianza. Mashine ilidai isasishwe kwanza, na ilipomaliza, gemu nayo ikadai isasishwe, na kufikia hapo jua lilikuwa limeshazama. Kesho yake akaanza kweli. Bibi mmoja wa kijijini akatokea kumfundisha kazi. Bibi yule hakuwa na mwisho wa maneno, wala hapakuwa na kitufe cha kumkatiza. Alieleza namna ya kuvaa glavu. Alieleza namna ya kuzivua. Tuure alipoachiwa hatimaye, akasahau kuwawekea nyuki sukari, baridi ikaingia bondeni, wakafa wote. Akaanza upya.

Virpi alikuwa akipita na kikombe chake cha kahawa. "Vipi, tamu?"

"Tamu sana."

"Mbona umekunja uso?"

"Nyuki wamekufa tena."

Alitumia saa thelathini na moja kuimaliza, na aliichukia tangu ya kwanza. Hakumwambia. Alibandika karatasi kwenye mlango wa friji, akaandika namba moja, akaipigia mstari.

Baada ya hapo alizifuata kwa mpangilio wa herufi, bila kuruka. Hilo ndilo sharti alilojiwekea: hairukwi hata moja, na kumaliza ni kumaliza mpaka majina ya watengenezaji yapite. Februari ikamkuta kwenye gemu ya mashujaa na majoka. Joka la mwisho lilimuua mara sitini na nne. Aliandika kila kifo kwa kijistari pembeni mwa gazeti, na kidole gumba cha kulia kikaanza kumuuma hata akikanda unga. Gemu nyingine alikuwa ameianza miaka sita iliyopita na kusevu katikati ya vita. Alipoifungua alijikuta amezungukwa na maadui, ana mishale mitatu, hakumbuki kitufe kipi ni cha kukimbia wala kilichomleta pale. Alikufa kabla hajajua yeye ni nani.

"Siielewi," alimwambia Rauni kazini.

Rauni alikuwa mama wa miaka sitini na moja aliyesimama ng'ambo ya meza ya unga, mkabala na Tuure, kwa muda mrefu kuliko Virpi alivyokaa naye. "Huelewi nini?"

"Nafika nyumbani nina mchana mzima. Nakaa. Na baada ya dakika kumi nina hasira kama mtu aliyekanyagwa kidole."

"Kwani nani kakushikia fimbo, Hyttinen?"

"Hakuna. Ni zangu. Nilizinunua."

"Mimi nina soksi kumi na saba nimezifuma mguu mmoja mmoja," alisema Rauni, akifunga samaki. "Sijawahi kulia hata siku moja."

Mwishoni mwa Machi mistari kwenye friji ilikuwa kumi na moja. Tuure alipiga hesabu nyuma ya bahasha, akaona kwamba kwa mwendo ule angemaliza akiwa na miaka hamsini na minne, iwapo hataugua, hatasafiri, na hakuna atakayemwalika popote. Walikuwa wanamwalika. Wenzake wa kazini walikwenda ziwani kuvua samaki kwenye barafu, akasema wiki ijayo. Virpi alikwenda peke yake kwenye sauna ya jengo, bafu la mvuke la wapangaji wote, kila Ijumaa, ile zamu yao ya saa kumi na mbili jioni, kwa sababu Tuure alikuwa anakaribia mahali pa kusevu na mahali pa kusevu hapafiki.

Kisha ikaja gemu ya mnara wa taa.

Ilikuwa ya watu wawili. Mmoja ni mlinzi aliye juu kwenye taa, mwingine yuko chini miambani na ramani. Wa juu haoni ramani, wa chini haoni bahari, na lazima waelekezane kwa maneno. Peke yako huwezi hata kutoka kwenye chumba cha kwanza. Tuure alijaribu, pedi mbili mapajani, akashindwa. Jumapili baada ya chakula cha mchana akamwomba Virpi.

"Mimi?" alisema Virpi. "Mimi hata karata sijui."

"Ni kutembea tu. Nusu saa."

Virpi akakaa kwenye kochi, akashika pedi kama mtu anayepewa mtoto mchanga wa jirani.

"Nenda kushoto," alisema Tuure. "Kushoto, Virpi. Kushoto!"

"Ndiyo nakwenda kushoto!"

"Hiyo ni kulia!"

"Kulia kwangu au kwa huyu mtu?"

Yule mtu akatumbukia baharini. Akatumbukia mara ya pili na ya tatu. Mara ya sita Tuure alimnyang'anya pedi mkononi. "Basi, lete! Unakwenda kama huna macho!"

Virpi alinyanyuka polepole. Kazi yake ilikuwa kumsaidia daktari wa meno wa watoto, na alipozungumza alitumia sauti ileile ya kliniki. "Wiki nzima nashika watoto wanaolia kwenye kiti. Wananing'ata, Tuure. Lakini hakuna hata mmoja aliyenifokea hivi."

"Samahani."

"Wewe huchezi. Ningekuona unacheza ningefurahi. Wewe unafua rundo la nguo za watu." Akavaa koti na kutoka kwenda kutembea ziwani, akamwacha na pedi mbili.

Tuure alikaa mpaka kahawa ikapoa. Ndipo akakumbuka jambo ambalo kwa kweli hakuwa amelisahau, alikuwa ameliweka kando tu. Gemu ile aliinunua siku moja na Oiva. Kila mmoja alichukua ya kwake, na wakaahidiana kuicheza pamoja Jumapili kwa Jumapili kwa mtandao, kwa kuwa Oiva alikuwa amehamia Joensuu kuendesha gari la kukwangua theluji. Akampigia simu.

"Kaka! Umefiwa?" aliuliza Oiva.

"Sijafiwa. Sikiliza, ile gemu ya mnara. Tuicheze."

"Ile ya mnara? Tulishaimaliza ile."

"Tulishaimaliza akina nani?"

"Mimi na Marketta." Marketta alikuwa mkewe.

"Tuliahidiana, Oiva."

"Tuliahidiana, ndiyo. Nikakusubiri majira mawili ya baridi. Jumapili nawasha mashine, nakutumia ujumbe, unanijibu wiki ijayo. Mwishowe Marketta akasema hebu nipe hiyo pedi, na wewe uache kukaa hapo kama mbwa aliyefungiwa nje. Siku mbili tu akawa kaizoea."

"Ungeniambia."

"Ningekuambia lini? Simu ulikuwa hupokei. Ulikuwa na kazi gani hasa wakati ule, kaka?"

Tuure akafikiri. Alikuwa akitoka kazini saa sita mchana wakati ule kama sasa. Alikumbuka kwamba Jumapili zile alikaa palepale, akipitia kurasa za punguzo na kupanga atakavyocheza siku akipata nafasi. Akasema kwaheri kwa ukali zaidi kuliko alivyokusudia.

Wiki iliyofuata ilikuwa mbaya. Alimkasirikia Oiva, akamkasirikia Marketta ambaye hajamkosea kitu, akaikasirikia karatasi ya friji. Siku ya Jumatano alifunga mikate bila kuikaza vizuri, na sita ikapasuka tanuri likiwa limejaa. Mafuta ya samaki yakachuruzika, moshi ukatanda mpaka barabarani. Rauni alifungua madirisha yote huku akikohoa.

"Samaki wako wamechungulia nje, Hyttinen," alisema. "Nini tena? Joka?"

Tuure akamweleza, akiwa amepiga magoti anakwangua tanuri. Hakuwahi kumweleza Rauni mambo mengi kiasi kile kwa mara moja.

"Kwa hiyo mdogo wako kakukosea kwa kuacha kukusubiri," alisema Rauni.

"Sikusema hivyo."

"Umesema. Kwangua na pale kona."

Jumamosi Tuure alimpigia Oiva tena. "Icheze nami hata kama umeshaimaliza."

"Siwezi kujifanya sijui milango iko wapi, kaka."

"Najua."

"Na hupendi kuambiwa."

"Najua, Oiva. Washa mashine."

Wakacheza kuanzia saa tano asubuhi. Haikuwa vile Tuure alivyoiwaza miaka yote ile. Oiva alijua kila kitu. Alijua kengele inapigwa mara ngapi na ngazi ipi imeoza, na hakuweza kujizuia.

"Chini ya boya," alisema.

"Nyamaza, nifikiri!"

"Fikiri. Lakini ni chini ya boya."

"Oiva, nitakuja huko Joensuu nikuchape."

"Njoo. Njia ni nyeupe, nimeikwangua mwenyewe."

Walibishana hivyo saa sita nzima. Mara mbili Tuure alivua spika za masikioni na kuzitupa kwenye kochi, na mara mbili akazirudisha. Walipofika juu ya mnara, taa ikawaka, meli moja ikapita mbali, kioo kikawa cheusi. Majina yakaanza kupita.

"Ndiyo hivyo tu?" aliuliza Tuure.

"Ndiyo hivyo tu. Marketta naye aliuliza hivyohivyo." Oiva akapiga mwayo. "Sehemu nzuri ni kule chini, pale unapopiga kelele." Kisha wakaongea kuhusu goti la Oiva lililohitaji kupasuliwa, jambo ambalo Tuure hakulijua, na majina yalikuwa yamekwisha kupita zamani walipokata simu.

Siku ya Jumatatu Tuure aling'oa ile karatasi. Alijaza maboksi sabini na moja kwenye mifuko, akayapeleka maktaba ya mji, ambako watu huazima gemu kama wanavyoazima vitabu. Alitegemea atashukuriwa. Mwanamke wa kaunta alipitia moja moja, akachukua kumi na nne.

"Hizi nyingine mashine zake hazipo tena," alisema kwa upole. "Hakuna wa kuziazima."

"Lakini hazijafunguliwa. Ni mpya."

"Naona, bwana. Ni mpya za zamani."

Akabeba mifuko kupandisha kilima, vipini vikimkata vidole, akiwa na hasira na maktaba, na kilima, na huyo aliyezinunua. Alizirudisha rafuni kwa sababu hakujua mahali pengine pa kuziweka.

Hakuacha kucheza. Alianza kuacha gemu zisizompendeza, na hilo likamsumbua kuliko majoka. Kila alipoacha moja alizunguka nyumbani kama mtu aliyesahau kuzima jiko. Ijumaa alikwenda sauna na Virpi, akakaa kwenye mvuke akihesabu kichwani, na Virpi akimwagia mawe maji alimwambia, "Midomo yako inatembea." Usiku mmoja alimwambia ukweli kuhusu nyuki. Virpi alicheka mpaka akashika ubavu. Alisema hata yeye dukani aliona gemu yenyewe imepoa, ila boksi lake lilikuwa na rangi nzuri.

Juni ilipofika, Virpi alikunja mazulia ya nyumba nzima, wakayapeleka ufukweni kwenye meza za kufulia, pamoja na nusu ya mtaa. Harufu ya sabuni ya msonobari ilikuwa imetapakaa. Tuure alisugua zulia la ukumbini kwa brashi, suruali imekunjwa, kidole gumba bado kinamuuma.

"Leo nimeiacha ile ya treni," alisema ghafla. "Nilibakiza vituo viwili."

"Inakuuma?"

"Inaniuma."

"Shika upande wa pili," alisema Virpi. "Tukamue."

Wakalinyanyua zulia, kila mmoja upande wake, maji yakawamwagikia miguuni. Virpi alizungusha kulia, Tuure akazungusha kushoto, zulia likawa linazunguka tu, halikamuki.

"Kushoto, Virpi."

"Kwangu au kwako?"

Tuure akabadilisha yeye mwelekeo, akazungusha kulia.