Baba Aliitambua Jenereta, Akanisahau Mimi

Baba yangu aliitambua jenereta isiyo na chapa kwa kuipapasa tu, muda mfupi baada ya kuniuliza mimi ni mtoto wa nani.

Sitanii. Nisikilizeni.

Mimi ni fundi wa jenereta na injini ndogo. Ndiyo, mwanamke. Anayetaka kucheka acheke amalize, tuendelee.

Ufundi nimerithi kwa baba. Alikuwa bingwa wa zile mashine zisizo na jina, zinazouzwa bila chapa wala karatasi. Ukizitazama zote ni mapacha, lakini spea ya hii haiingii kwenye ile. Ukikosea, mteja anakurudia amefura. Baba alikuwa akishika shafti, akipapasa matundu ya bolti, akisikiliza mngurumo, kisha anakwambia injini ilitoka wapi na inakula spea gani.

Kitu kimoja tu kilimshinda: kunisifu.

Nafunga injini, inawaka kwa mvuto mmoja, yeye anaguna, "Mm." Basi. Miaka yote nilikuwa natafuta neno moja kutoka kwa mzee yule. "Vizuri." Hilo tu.

Kisha ugonjwa wa kusahau ukamvamia.

Alianza kupoteza spana. Ikafuata njia ya nyumbani. Mwisho akanipoteza mimi.

Kila asubuhi nilimleta karakana nikamkalisha kwenye benchi lake, maana akibaki nyumbani alikuwa analia. Aliniita "dada fundi." Naitika. Halafu naenda nyuma kama ninayenawa mikono, nalia kidogo, narudi kazini.

Siku hiyo, baba alikuwa ametoka tu kuniuliza mimi ni mtoto wa nani, akaja kinyozi wa mtaa wa nyuma, anasukuma jenereta kwenye toroli, anahema.

"Dada, fanya haraka! Umeme umekatika, nimeacha mtu kichwa nusu!"

"Nusu ipi?"

"Ya mbele. Na ni mwalimu. Wanafunzi wake wamejaa dirishani."

Nikacheka hadi nikashika ukuta. Baba naye akacheka, ingawa hakujua tunacheka nini.

Nikaikagua. Sili ya shafti, ule mpira wa kuzuia oili, imekufa, oili inapenya hadi kwenye dinamo inayozalisha umeme. Ili kupata sili mpya, sharti nijue ni injini gani. Chapa hakuna. Mahali pa namba pamesagwa. Halafu mtu ameipaka rangi nyekundu mashine nzima, hadi nati.

Nikapima hapa na pale, nikasema kwa kujiamini, "Hii ni injini ya mashine ya kukata majani."

Nikaanza kuitenganisha na dinamo. Wapi! Nati nazungusha, na bolti nayo inazunguka. Haitoki ng'o.

"Hata mafundi wengine wameshindwa," kinyozi akakiri. "Sikutaka kukukatisha tamaa."

Baba akainuka. "Ilete hapa."

Akafumba macho. Vidole vikatembea juu ya ile rangi taratibu, vikapita kwenye shafti, vikazunguka matundu.

"Injini ni ya pampu ya maji," akasema. "Dinamo ni ya mashine nyingine kabisa. Wameozeshwa hawa."

Kisha akachomeka vidole kwenye uwazi wa pembeni. Vikakwama. Akatabasamu.

"Bolti zimeingizwa kutoka ndani. Mkono wa mwanamume haupiti hapa. Hii imefungwa na binti yangu."

Nikaweka spana chini.

Ni kweli. Nilipokuwa najifunza, mkono wangu ulipita pale, nami nikaona nimevumbua njia. Baba alinigombeza siku nzima: "Na fundi mwenzako ataifungua vipi?" Mashine iliuzwa, ikapita mikono ya watu, ikapakwa rangi. Mimi mwenyewe niliyeifunga sikuitambua.

"Binti yako ni fundi, mzee?" kinyozi akauliza, huku ananitazama. Nikamkonyeza anyamaze.

"Fundi kunizidi mimi," baba akasema. "Sijamwambia. Niliogopa nikimsifu atabweteka, nikawa naguna tu. Lakini akishaondoka, nilikuwa nafunua mashine zake nazitazama. Peke yangu."

"Mwambie basi." Nikamsogelea. "Baba. Mwambie."

"Hayupo, dada fundi. Akija nitamwambia."

Akija.

Nikatoka nje. Nikavua ovaroli, nikanawa uso, nikafunga kitambaa vizuri kama nilivyokuwa nikifanya zamani nikitoka shule. Nikavuta pumzi, nikaingia tena.

"Shikamoo, baba. Nimefika."

Akainua uso. Akatabasamu tabasamu pana ambalo sikuwa nimeliona tangu aanze kuugua. Moyo uliniruka, jamani.

"Marahaba. Karibu. Mashine yako ina tatizo gani?"

Kinyozi akageuka, akajifanya anakagua gurudumu la toroli.

"Haiwaki," nikajibu. Ningesema nini kingine?

Akasogea, akanipisha kwenye benchi. "Kaa hapa. Binti yangu anakuja sasa hivi, atakutengenezea."

Nikakaa. Tukamsubiri wote wawili.

Jenereta ilipona siku hiyohiyo. Sili ya pampu ya maji ilikaa sawasawa, na bolti nilizishika kwa ndani kwa mkono uleule. Mwalimu akamaliziwa kichwa chake.

Baba hakupona. Tulimzika kabla mwaka haujaisha, na mpaka anakata roho alikuwa anamuulizia binti yake kama amefika. Nilikuwa nimemshika mkono.

Watu huniambia, si angalau ulisikia? Nilisikia, ndiyo. Nilisikia kama mtu anayepita njiani na kusikia watu wakimzungumzia mwingine.

Kwa hiyo ninyi wazazi mnaoguna, na ninyi watoto mnaodhani wazazi wenu wanajua tu, nawaomba. Kama mtu amekufurahisha, mwambie yeye, akiwa mbele yako na unamjua. Usije ukamwambia kinyozi.