Mkono Uliobaki

Nakumbuka siku niliyofungwa mkono wa kulia kwa leso, mwanangu, nikaambiwa nipike chakula cha mchana. Nilikuwa mke wa watu, nina nyumba yangu mtaa wa Langoni. Aliyenifunga alikuwa na haki, na mpaka leo namwombea rehema.

Nilipoolewa nilikuwa na mikono myepesi. Nazi ya kupikia watu kumi naikuna huku napiga soga. Mwaka haujaisha, mavyaa wangu Bi Rukia, mama wa mume wangu, akapigwa na kiharusi. Ulimi ulirudi, miguu ikarudi kidogo kidogo, lakini mkono wa kulia ukabaki kuning'inia. Na huo ndio uliokuwa wa kila kitu: wa kula, wa kushonea kofia, wa kusalimia watu.

Nikaingia kumtumikia. Akishika kikombe, nimeshakipokea. Akigusa kifungo, nimeshamfunga. Mwanzoni alikuwa akisema, "Niwata, mwanangu, nijaribu." Nami namjibu, "Pumzika, mama, mimi nipo." Majirani wakanisifu, na sifa ni tamu kuliko halua.

Lakini liko ambalo majirani hawakulijua. Siku moja walikuja wageni, Bi Rukia akanyanyua kikombe cha kahawa kwa mkono wa kushoto ampe mmoja wao. Kwetu hatupeani kitu kwa kushoto. Nikaona haya, nikamnyang'anya kikombe na kumnong'oneza, "Si huo, mama, watu wanatazama." Akaurudisha mkono ndani ya buibui. Tangu hapo hakuniomba tena nimwache ajaribu. Miezi ikapita, hata kujigeuza kitandani akawa ananiita, na vidole vya kushoto navyo vikaanza kulegea. Nikadhani ni maradhi yanaendelea.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Dada yake, Bi Somoe, alikuja kutoka kijijini Mbwajumali kumtazama, akanikuta asubuhi namlisha wali wa kiporo kwa kijiko. Alitutazama hadi sahani ikaisha. Kisha akauliza, "Rukia, huo mkono wa kushoto una nini?"

Bi Rukia akauvuta mkono ndani ya leso.

"Hauna nguvu," nikajibu mimi.

"Hukuulizwa wewe." Akamtia dadake kidole kiganjani. "Nibane." Akabanwa kidogo tu. Ndipo akanigeukia. "Kiharusi kilitwaa mkono mmoja, mkamwana. Huu wa pili umeutwaa wewe."

Nikajitetea kwamba nilimhurumia, tena kutumia kushoto si adabu.

"Mwenyezi Mungu anajua ni mkono gani amemwachia," akasema. "Wewe hujui, maana wako wa kushoto hujapata kuutumia. Kaa hapa."

Ndipo akanifunga.

Niliaibika, mwanangu! Njiti za kiberiti zinavunjika moja baada ya moja, jiko haliwaki. Kitunguu kinanikimbia sakafuni. Nilipojaribu kukuna nazi, kizio chake kiliniponyoka kikabingirika hadi mlangoni, nami nikabaki juu ya mbuzi ya kukunia, nalia. Mara nikasikia mtu anacheka. Alikuwa Bi Rukia, kwa mara ya kwanza tangu augue.

"Lete hicho kiberiti," akasema. Akakibana kwa magoti, akapiga njiti kwa kushoto. Ya kwanza ikavunjika. Ya pili ikawaka.

"Umejifunza lini?" nikamuuliza.

"Siku za mwanzo, ukiwa umetoka."

Nilimbusu mkono ule wa kushoto, nikamtaka radhi mbele ya dadake. Akanisamehe. Baada ya hapo nikajifunza kazi ngumu kuliko zote: kukaa na mikono yangu mapajani nikimtazama anachelewa. Kila asubuhi alikamua kitambaa kilicholowa, kisha akakanda donge la unga mpaka achoke. Kifungo kimoja alikifunga kwa muda ambao mimi ningefagia ukumbi mzima. Vikombe vilivunjika, nikaokota vigae. Ramadhani ilipofika, uji wa futari aliukoroga mwenyewe. Sindano ya kofia haikurudi, sitakudanganya. Lakini alikula kwa mkono wake hadi siku aliyotutoka, na wageni aliwapa kahawa kwa kushoto akiwaambia, "Niwieni radhi, ndio huu niliopewa." Nao walipokea kwa mikono miwili.

Siku hizi asubuhi vidole vyangu mwenyewe hukakamaa, mfuniko wa chupa hunishinda. Mjukuu wangu hunipokonya hata simu, eti aniandikie ujumbe haraka. Namwambia sina haraka.

Basi sikia, mwanangu. Hujafa hujaumbika. Ukimwona mtu anahangaika na kifungo chake, kaa karibu naye, umuulize kwanza: nikusaidie, ama nikusubiri? Na ukijaaliwa mtoto atumiaye kushoto, usimpige mkono wala usimwonee haya mbele za watu. Adabu ya kula mfundishe kwa upole, na kalamu mwache aishike kwa mkono unaoiweza. Mkono hupata nguvu kwa kutumiwa, na msaada ulio mwema humwachia mtu kazi yake. Kuchelewa hakujamuua mtu. Kufanywa si kitu kunaua.

Mola aitie baraka mikono yako yote miwili, aijaalie kazi ya halali na afya. Na ikija siku mmoja ukalegea, akuzungushie watu wenye subira, wasione haya kupokea kutoka kwako. Amin.