Mgongo wa Mdogo Wangu

Wiki jana nilimpeleka binti yangu kwa kine, yule anayetibu watu kwa mazoezi. Alimkunja kidole gumba hadi kikalala juu ya mkono, akampapasa uti wa mgongo, kisha akaniambia: "Mama, viungo ya huyu mutoto inalegea sana. Asibebe bidoni ya maji. Tutamufundisha kukaa muzuri, misuli itamushika." Nikaangua kilio hapo hapo. Maskini, alidhani namlilia mtoto.

Ngoja nikueleze, rafiki yangu. Tulikulia Kituku, kando ya ziwa, kwa nyanya yetu mzaliwa wa Butembo. Mdogo wangu alikuwa laini ajabu. Aliweza kupitisha mguu nyuma ya shingo, na mama jirani akikaanga sambaza, vile visamaki vya ziwani, alimwita aje awachekeshe watu, ampe mbili tatu za moto. Nusu nilikula mimi, sikatai.

Lakini akiketi, mgongo ulimporomoka na bega moja likashuka. Mwalimu alimwita mvivu. Nyanya, aliyetupenda kupita kiasi, akaamua kumtibu kwa dawa aliyoijua: mzigo. Kwao msichana alikomazwa mgongo kwa kubeba, kamba ikipita kwenye paji la uso. Akamwanzishia bidoni la lita tano, likaja la kumi, mwishowe la ishirini. Kila asubuhi tulipandisha maji ya ziwa juu ya yale mawe meusi ya volkeno, na tukifika nyanya alimgeuza huku na huku, akifurahi: "Mumuone, anaanza kunyooka!"

Siku moja njiani mdogo wangu akanishika nguo, mimi dada yake mkubwa. "Yaya, mugongo inaniuma sana. Umuambie koko, wewe atakusikia."

Sikumwambia nyanya. Nilijua akipumzishwa, maji yote yatanirudia mimi, na nilikichukia kile kilima. Nilikuwa na miaka kumi, si mtoto wa kunyonya, nilijua ninachofanya. Baada ya wiki chache hakulalamika tena, nikajiambia amepona.

Leo anaishi upande wa Lac Vert. Mgongo wake umepinda hivi kwamba hakuweza kumbeba hata mtoto wake mmoja kwa kitenge. Wote walibebwa na wifi yake. Nilipotoka kwa kine nilimpigia simu, nikamweleza yote. Akanijibu:

"Nilijua, yaya. Niliona hausemi kitu, njo nikaacha kukuambia."

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi. Nyanya alishatutoka, akiamini hadi mwisho kwamba alimponya mjukuu wake. Nyumba yetu ya mbao imevunjwa, pamejengwa etaji, jumba la ghorofa lenye ukuta mrefu, hata njia ya kushukia ziwani siioni tena. Watu wakikumbuka utoto hutamani wapewe tena miaka yote ile. Mimi ningetosheka na asubuhi moja, nimwambie nyanya kwamba mtoto anaumia.