Kidonge Ambacho Hakikuandikwa kwenye Fishi

Watu wa Nguba, mtaa wa Bukavu, walimjua Adélaïde kwa swali moja. Ukifika kwenye kidirisha chake cha dawa, pale kituo cha afya cha parokia, hata kama umekuja kwa kikohozi tu, alipokea karatasi ya daktari, akakutazama juu ya miwani na kukuuliza: «Na ku nyumba unakunywa nini ingine?» Wengine walikasirika, wengine walicheka. Hakuna aliyepewa dawa kabla ya kujibu.

Alikuwa ametaka kuwa daktari. Baba yake, aliyefanya kazi ya kuanika maganda ya mti wa kwinini, alifariki kabla binti hajamaliza sekondari, na Adélaïde akaishia kwenye uuguzi. Kazi ya dawa alifundishwa na mtawa mmoja mfamasia. Vita ilipoingia mjini mwaka 1996, mtawa yule aliondoka na kumwachia kitabu kinene cha dawa, cha Kifaransa, kisicho na jalada, kurasa za mwanzo zimetafunwa na panya. Adélaïde alikisoma mchana wagonjwa wakipungua, kidole kikifuata mistari. Wauguzi wenzake walimwita «Profesa», na si kwa heshima.

Agosti 1998 vita ya pili ikaanza. Siku moja risasi zilirindima karibu na shule moja ya msingi ya Nyalukemba. Mkuu wa shule, Valérie, alilaza watoto wa darasa la tano chini ya madawati, naye akajilaza juu ya wale waliokuwa mlangoni. Hakuna mtoto aliyeumia. Lakini tangu siku ile moyo wa Valérie ulikuwa ukienda mbio hata mlango ukigongwa kidogo. Daktari Cyprien wa kituo kile alimwandikia fenobarbitali ya kutuliza, kwa sababu barabara zilikuwa zimefungwa na dawa nyingine za wasiwasi zilikuwa zimekwisha.

«Na ku nyumba unakunywa nini ingine, Maman Directrice?» Adélaïde alimwuliza siku ya kwanza.

«Hakuna kitu,» Valérie alijibu, akitazama pembeni.

Wiki tatu za mwanzo alipata nafuu. Kisha mambo yakageuka. Joto lilimpanda kutoka kifuani hadi usoni katikati ya somo, jasho likalowesha blauzi, viungo vikamuuma, machozi yakamtoka bila sababu. Daktari aliona ni woga umezidi, akaongeza dozi. Hali ikawa mbaya zaidi. Januari, Valérie alisinzia mbele ya watoto, chaki mkononi. Wazazi wakaanza kunong'ona kwamba directrice anakunywa pombe, na kamati ya shule ikataka apumzishwe.

Aliporudi kuchukua dawa, Adélaïde alimtazama akijipepea kwa fishi yake, ile kadi ya mgonjwa, ingawa asubuhi ile ilikuwa ya mvua na baridi. Hakumpa kitu. Alifunga kidirisha, akamwingiza kwenye chumba cha maboksi, akamkalisha.

«Maman, ile joto inakukamata mara ngapi kwa siku?»

«Mara sita. Saa ingine mara kumi.»

«Na mbele ya vita, ulikuwaka nayo?»

Valérie alifungua mkoba, akatoa pakiti ndogo ya vidonge.

«Kisha operesheni, njo nilikuwa nayo,» alisema kwa sauti ya chini. «Mu 97 walinitosha kizazi na mayai yote. Laurette, mudogo wangu wa Bruxelles, ananitumiaka hizi, joto ikaisha kabisa. Masista njo wanazileta.»

Adélaïde alisoma pakiti. Zilikuwa homoni za kike, za kujaza pengo la zile ambazo mwili hautengenezi tena ovari zikishaondolewa.

«Docteur anajua?»

«Nilimuambia operesheni. Hizi, hapana. Mambo ya wanawake, mbele ya mwanaume, nitaanzia wapi?»

Adélaïde hakumkaripia. Alimwomba tu ruhusa ya kumweleza daktari, na Valérie akakubali kwa kichwa. Kisha Adélaïde akachukua kitabu chake na kutafuta ukurasa wa fenobarbitali. Iliandikwa pale wazi kabisa. Fenobarbitali huliamsha ini, nalo likiamka huvunja dawa nyingine haraka kuliko kawaida. Homoni zilikuwamo kwenye orodha. Miezi yote ile Valérie alikuwa akimeza vidonge vya Laurette, na dawa ya kutuliza ilikuwa ikivifanya vivunjwe kabla havijamsaidia. Joto likarudi, daktari akadhani ni woga, akaongeza dawa ileile.

Adélaïde alivuka ua mvua ikinyesha, kitabu ndani ya koti, akabisha kwa Daktari Cyprien.

«Maman Adélaïde,» daktari alisema alipomsikiliza, «ile mwanamuke aliona risasi inapita mu classe. Iko na woga. Nani hana woga huku Bukavu?»

«Woga iko, Docteur, sikatae. Lakini woga ilianza mwezi wa munane. Joto ilirudia kisha dawa yetu.»

«Sasa we' njo docteur?»

«Hapana. Miye niko wa dawa. Soma hapa.»

Aliweka kitabu juu ya meza, akabaki amesimama. Daktari alisoma. Akarudia kusoma. Akavua miwani na kujisugua macho.

«Hakuniambia,» alisema mwishowe.

«Hatukumuuliza muzuri. Na miye pia, niliuliza mara moja, nikakubali "hakuna".»

Daktari alishika kalamu ili aikate fenobarbitali siku ileile. Adélaïde akamzuia. Aliwahi kumwona mtu aliyeiacha ghafla, akaanguka kifafa mbele ya kanisa. «Tushuke polepole, Docteur.» Wakashusha dozi polepole, wiki baada ya wiki, homoni zikibaki palepale. Kila Alhamisi Valérie alikuja kupimwa presha na kusimulia yaliyomlemea, kwa kuwa woga wenyewe haukuwa wa kubuni, na bunduki zilikuwa bado mjini.

Mwezi wa pili baada ya kidonge cha mwisho cha fenobarbitali, joto lilikuwa limebaki mara moja moja. Mlango ukigongwa bado alishtuka, lakini hakusinzia tena darasani. Julai, akiwa bado mkuu wa shule, alisimama mbele ya wazazi walewale, akasoma matokeo ya wanafunzi mia mbili na kumi na moja kwa sauti iliyofika barabarani. Adélaïde alikuwa kwenye benchi la nyuma, na kila jina lilipotajwa alihisi kama ni mwanawe anayeitwa.

Agosti, Daktari Cyprien alimwita Adélaïde afundishe wauguzi wote juu ya dawa zinazogombana mwilini. Asubuhi ya siku hiyo mumewe, Philémon, alimpigia pasi ya makaa blauzi nyeupe, akairudia kola mara mbili. «Leo unafundisha madocteur,» alisema, na hakuificha furaha yake.

Daktari alikaa mstari wa mbele na daftari. Adélaïde alifundisha saa nzima. Mwishoni muuguzi mmoja, Delphin, aliyekuwa wa kwanza kumwita Profesa, alinyoosha mkono na kuuliza kuhusu dawa ya kifua kikuu na vidonge vya uzazi wa mpango.

«Hizo pia zinagombana,» Adélaïde alijibu, akageukia ubao. «Andikeni.»