Jicho la Pembeni la Kresten Overgaard

Kresten Overgaard alikuwa akimimina snapsi, pombe kali ya kwetu, huku akiangalia dirishani, na wateja wakadhani ni maringo. Chupa imetoka kwenye barafu, glasi ndogo imejaa mpaka mdomoni, hakuna tone lililomwagika, na mzee mwenyewe uso kaugeuzia mtaani kama mtu anayesubiri basi. Wengine walimpigia makofi. Mimi niliyekuwa jikoni nikipaka mikate siagi nilikuwa nikisali.

Kweli ni kwamba Kresten alikuwa haoni. Si kipofu wa kupapasa ukuta, la. Katikati ya macho yake palikuwa na doa la kijivu, na chochote alichokikodolea macho, doa lile lilikimeza. Pembeni ndiko kulikobaki mwanga. Akitaka kuona glasi, sharti aangalie dirisha. Akitaka kuona uso wako, aangalie ukuta ulio nyuma ya bega lako. Daktari alimwambia hakuna dawa, na kwamba doa litazidi kukua. Kresten akasema asante, akavaa koti, akarudi kazini kuhudumia watu wa mchana.

Alizaliwa Salling, kwenye shamba la nguruwe. Watu wa Salling, ukiwauliza kama nyumba yao inaungua, watakujibu kwamba leo kuna joto kidogo. Ujana wake ulipita kwenye vivuko vya Korsør, akibeba kahawa na mikate kwenye meli inayoyumba, hadi serikali ilipojenga daraja na vivuko vikakosa kazi. Ndipo alipokuja Kopenhagen, kwenye baa yetu ya chini ya barabara, ambapo mteja akikaa anaona miguu ya wapita njia tu. Miguu yake iliyozoea bahari haikuhitaji macho kupita kati ya meza. Asta, mkewe, alipofariki, kazi ile ndiyo iliyokuwa ikimtoa kitandani asubuhi. Hakuwa na kingine, na alilijua hilo kuliko mimi.

Siri yake niliijua peke yangu. Nilikuwa nikimsomea sahani kwa sauti, eti mimi mama mwenye kelele: "Mayai na kamba, meza ya mlangoni! Ini la kusaga, meza ya kona!" Wateja wakanicheka. Hata hivyo glasi zilikuwa zinavunjika, na bosi wetu Troels, aliyeirithi baa kwa mjomba wake, alianza kuninong'oneza.

"Bodil, niambie ukweli. Huyu mzee anakunywa?"

"Hapa nani hanywi?" nikamjibu.

Nilipomsimulia Kresten, alicheka mpaka akashika meza. "Mwache aamini hivyo. Mlevi huonywa. Kipofu hupelekwa nyumbani."

Ingekuwa ni glasi tu ningenyamaza. Lakini kulikuwa na Dagny, binti wa pekee wa Kresten na Asta. Kwetu snapsi hainywewi hivi hivi kama dawa ya kikohozi. Unainua glasi mpaka kifuani, unamtazama mwenzako machoni, unasema "skål", unakunywa, unaishusha, unamtazama tena ndipo unaiweka chini. Asiyekutazama amekutukana, na hakuna msamaha wa haraka. Siku tulipomzika Asta, chakula cha matanga kililiwa hapa hapa kwetu. Dagny alisimama akainua glasi kwa baba yake. Kresten alitamani sana kumwona mwanawe siku ile, kwa hiyo akafanya alivyojifunza: akageuza macho kando, kwenye makoti yaliyotundikwa ukutani, ili amwone.

Dagny aliona baba anaangalia makoti. Alikuwa safarini kikazi wakati mama yake anakata roho, na tayari moyoni alikuwa na hakika kwamba baba anamlaumu. Akaweka glasi chini bila kunywa, akachukua mkoba wake, akapanda ngazi. Tangu hapo hakupiga simu tena, na ikapita zaidi ya miaka miwili.

"Mpigie wewe," nilimwambia Kresten.

"Nimwambie nini?"

"Kwamba macho yako mabovu, mpumbavu we!"

"Dagny hawezi kukaa na neno. Leo nikimwambia, kesho yuko hapa anagombana na Troels, na keshokutwa mimi niko sebuleni kwake nimefunikwa blanketi."

"Mficha maradhi, kifo humuumbua."

"Bado sijafa," akasema, "na meza ya kona inangoja samaki wa heringi." Aliniapisha kwa jina la Asta nisifungue mdomo, nami kwa ujinga wangu nikaapa.

Basi ikaja Alhamisi Kuu. Kwetu siku hiyo mji mzima unakula mchana, baa imejaa mpaka ngazini, mishumaa ya njano kila meza. Asubuhi glasi tatu zilikuwa zimeshavunjika kwenye sinia moja, na Troels akamwita Kresten mbele yetu sote. "Likianguka tena sinia leo, unavua aproni. Sitaki maneno." Kresten akaitikia kwa kichwa, macho kwenye mtungi wa achari. Troels akaona ni dharau, akazidi kununa.

Saa sita mlango wa jikoni ukafunguliwa, akaingia Dagny.

"Shangazi Bodil," akasema, kama alivyoniita tangu utotoni.

Nusura nijikate. "Wewe! Umetokea wapi?"

"Nimeweka meza kwa jina la Rune, mume wangu. Tumekuja na baba mkwe." Midomo yake ilikuwa imekauka. "Nitamwinulia baba glasi. Mbele ya watu, asikimbie. Akinitazama, yameisha, nitamwomba msamaha kwa kuchelewa hospitali na tutaanza upya. Akiangalia pembeni kama siku ile, shangazi, sina baba. Sirudi tena."

"Usiseme hivyo, mtoto."

"Nimeshasema."

Nilikuwa nimeapa kwa jina la Asta. Nikamwambia tu, "Mtazame vizuri na wewe." Akanijibu kwamba yeye siku zote anatazama, asiyetazama ni mwenzake. Akatoka.

Nilimvuta Kresten kwa aproni nyuma ya mapipa ya bia. "Dagny yuko meza ya dirishani. Atakuinulia glasi. Ukiangalia pembeni umempoteza, kanitamkia kwa mdomo wake. Mwangalie usoni, moja kwa moja!"

Alinyoosha aproni niliyoivuta. Kisha akauliza, "Amevaa nini?"

"Kresten!"

"Nikimwangalia moja kwa moja simwoni, Bodil."

"Lakini yeye atakuona wewe!"

"Miaka miwili sijaiona sura ya mwanangu," akasema. Akainua sinia la heringi, akaenda.

Chakula chetu kina foleni yake, hata mlevi anaijua: heringi kwanza, halafu samaki wa kukaanga, halafu nyama, jibini mwisho. Jibini likishaliwa, watu wanatafuta makoti. Kwa hiyo nilijua tuna muda gani, na Dagny naye alijua.

"Karibuni," nilimsikia Kresten. "Heringi wa siki, na huyu wa binzari."

"Hujambo, baba."

"Sijambo. Mkate mweusi uko njiani."

Baba mkwe, Holger, alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya mnadani. "Aa, ndiye huyu! Shika glasi, bwana, tunywe na jamaa!"

"Baadaye. Samaki wataungua jikoni."

"Kwani samaki wako wanajikaanga wenyewe?" Meza za jirani zikacheka. Kresten alikuwa ameshageuka, lakini niliona Dagny hajagusa heringi.

Kwenye samaki, Dagny alikuwa ameshajaza glasi ya nne na kuiweka ukingoni mwa meza, upande wa mhudumu. Glasi ile sikuitangaza, maana haikutoka jikoni kwangu. Kresten alishusha sahani, kiwiko chake kikapita karibu nayo kabisa. Snapsi ikatikisika. Troels, aliyekuwa kwenye mabomba ya bia, aliacha kumimina. Nikasikia mwenyewe nikipiga kelele ya kijinga, "Limau! Nani anataka limau?" Watu wakageuka kuniangalia mimi. Glasi ilibaki imesimama.

"Baba," Dagny akasema, "hiyo ni yako."

"Naiona," akadanganya. "Nina meza nyingine."

Kwenye nyama alikuja jikoni akiwa amelowa jasho. Nilimpangia vipande vya nguruwe na kabichi nyekundu, nikamwambia sasa atubu, aseme ukweli. Akanionyesha Troels kwa kidevu. Akisema mezani, Troels atasikia, na huo ndio mwisho wa aproni. Asiposema, ataangalia pembeni au ataangalia doa. "Chagua basi!" nikamfokea, maana nilikuwa nimekasirika, nimemkasirikia yeye, na Asta kwa kufa, na huyo binti kwa kiburi alichokirithi. Kresten akabeba nyama, akaenda.

Jibini nililikata polepole kuliko maisha yangu yote. Lakini jibini ni jibini, linakwisha. Alilipeleka, akakusanya sahani chafu na glasi tupu zote kwenye sinia, akaliinua kwa mkono wa kushoto. Ndipo Dagny aliposimama.

Hakuinua sauti. Alishika glasi kifuani, na kwa sababu fulani meza za jirani zikanyamaza, labda kwa vile Rune alikuwa amefunika uso kwa kiganja. "Baba," akasema. "Skål."

Mkono wa kulia wa Kresten ulishuka ukatambaa kwenye kitambaa cha meza, ukaikuta glasi, ukaiinua. Ilikuwa imejaa mpaka mdomoni na haikumwagika. Niliona kichwa chake kinaanza kugeuka kwenda kwenye makoti, kwa mazoea. Nikauma ulimi. Kikasimama, kikarudi. Akamtazama mwanawe usoni, moja kwa moja. "Skål," akasema. Akanywa. Akashusha glasi, akamtazama tena, vilevile, bila kupepesa.

Uso wa Dagny ulifunguka. Sijui niseme nini zaidi, ulifunguka tu, akawa yule binti aliyekuwa akija hapa na soksi moja kuomba maganda ya jibini. Holger akapiga meza. Rune akashusha pumzi. Troels kule alishaanza tena kumimina bia. Nami nikajiambia, Bodil, yamepita: mtoto karudi, kazi ipo, siri ipo. Nilitaka kucheza.

"Kumbe unaweza," Dagny akasema, sauti ikikatika.

Kresten hakusogea. Sinia lilikuwa begani, glasi tupu mkononi.

"Sikuoni," akasema.

"Nini?"

"Nikikutazama hivi sikuoni, mwanangu. Penye uso wako hapana kitu. Ngoja."

Akageuza macho taratibu, yakampita Dagny, yakaenda ukutani kwenye makoti, yakatulia pale. Baa nzima ilikuwa imeshasikia.

"Hivi ndivyo ninavyokuona. Na siku ya kumzika mama yako ulikuwa ni wewe niliyekuwa nakutazama. Umekata nywele. Mama yako asingekuruhusu. Na unalia, acha."

Dagny aliziba mdomo kwa mikono miwili. Troels alikuwa ameacha bia ikifurika kwenye bomba. Alikuja taratibu kati ya meza, nami nikatoka jikoni na kisu changu mkononi, sijui nilidhani nitafanya nini nacho.

"Tangu lini?" Troels akauliza.

"Kabla Asta hajafa."

"Na mimi nilidhani unakunywa."

"Nilikuacha udhani."

Troels alijikuna shingo. Nilimwona anataka kukasirika na hasira haiji. "Nipe sinia, Kresten."

"Bado meza ya kona hawajapata jibini, bosi."

"Nipe sinia."

Akampa. Troels alilipokea kwa mikono miwili, glasi zikagongana, akarudi nalo jikoni, na sote tukajua kazi ya Kresten imeisha. Mkono wa kushoto wa Kresten ulibaki umekunjwa begani, kiganja juu, kama bado umebeba. Tangu vivukoni mpaka siku ile, mkono ule haukuwahi kuwa mtupu mchana wa kazi. Alisimama hivyo katikati ya watu, hajui aupeleke wapi, mpaka Dagny alipoizunguka meza, akaushika, akaushusha.