Breka ya Ampea Kumi na Tano

Siku yangu ya kwanza katika karakana ya ndege pale Garissa, fundi mkuu alinipa swichi mbili na kuniuliza ningefunga ipi kwenye ndege. Moja ilikuwa nyeupe, ya taa ya nyumbani. Nyingine ilikuwa ndogo, ya chuma, sura mbaya. Nilichagua nyeupe kwa sababu ilikuwa kubwa. Alicheka mpaka akakohoa.

Kisha akanieleza. Umeme wa betri ukiukata, cheche hung'ang'ania ndani ya swichi kuliko cheche ya umeme wa nyumbani, na kuila polepole. Kwa hiyo unasoma kwanza swichi imeandikwa nini kwa umeme wa betri. Tena taa ya kutua ndege huvuta umeme mwingi sana inapowashwa tu, basi swichi yake huwa na uwezo mkubwa kuliko taa yenyewe.

Kwa ulinzi tulitumia breka, yaani kitufe kinachoruka nje chenyewe umeme ukizidi. Watu hudhani breka inalinda redio au feni. Inalinda waya. Unatazama unene wa waya, ndipo unachagua breka itakayoruka kabla waya haujapata moto. Haya niliyajua kama ninavyoijua Fatiha, na bado niliyavunja.

Karakana yetu ilikuwa na desturi moja isiyoandikwa popote: fundi aliyegusa umeme wa ndege hupanda safari ya kwanza. Fundi mkuu alisema mtu hukaza skrubu vizuri akijua atakaa karibu nayo.

Ndege yetu ndogo ilipeleka chanjo za mifugo Ijara, Hulugho na hata Takaba. Sanduku la baridi lilikuwa na feni, na breka yake ya ampea tano ikawa inaruka kila mara. Feni ilikuwa imechoka. Meneja wa kituo hakutaka kungoja nyingine kutoka Nairobi.

"Weka breka kubwa, Abdi," alisema. "Mbuzi wanakufa Hulugho, na wewe unanihubiria habari za waya?"

Fundi mkuu alikuwa likizo. Nilifunga breka ya ampea kumi na tano kwenye waya wa ampea tano, nikatia sahihi kitabuni. Nilikuwa nimekasirika, lakini nilitia.

Nilipokwenda kupanda, nilimkuta mama mmoja mlangoni, mtoto mchanga mgongoni, ametoka hospitali.

"Adeer, ndege hii inabita Hulugho?" aliuliza, akiniita baba mdogo kwa Kisomali. "Barabara imejaa maji, gari hakuna. Wallahi mimi nimechoka."

Nilimpa kiti changu. Mpaka leo sijui kama ilikuwa huruma au woga.

Karibu na Ijara moshi ulijaa ndani ya ndege. Breka haikuruka. Rubani, mwanamke mtulivu wa Machakos, alizima swichi kuu, akafungua dirisha na kutua Ijara bila redio. Sisi Garissa hatukujua lolote. Tuliita, tukaita, hakujibu mtu. Nilikaa sakafuni nikisoma kila dua niliyoikumbuka, kwa hofu ambayo sijaipata tena. Hatimaye rubani alipiga simu.

"Sote wazima," alisema. "Waya umeungua mpaka ganda limedondoka. Nani alifunga breka hii?"

"Mimi."

Akakata simu.

Fundi mkuu aliporudi hakunigombeza. Alininyang'anya ruhusa ya kutia sahihi kwa mwaka mzima, nikarudi kusafisha plagi za injini. Meneja hakuulizwa kitu, na sikulalamika, maana sahihi ilikuwa yangu.

Sasa nimestaafu. Mafundi wa siku hizi wakinijia, nawaambia wabadilishe feni iliyochoka, waiache breka. Wananisikiliza kwa adabu, simu mkononi.

Lakini kuna jambo sijawaambia. Wiki chache baada ya safari ile, mama yule alirudi Garissa kliniki, akanitafuta karakana na kidumu cha maziwa ya ngamia. Mtoto alikuwa amenenepa.

"Adeer, ulisimama wewe ili mimi nikae," alisema. "Hii moshi ni kadari ya Allah, lakini kiti ilikuwa yako. Allah akulibe kheri."

Akanimiminia kikombe, akangoja akinitazama. Fundi mkuu nilikuwa nimemwambia ukweli, rubani alikuwa anaujua, na kitabu kilikuwa na jina langu. Aliyebaki bila kuujua ni yeye peke yake.

Niliyanywa maziwa yote, nikamrudishia kikombe, nikasema asante.