Unga wa Mkebeni

Nyevu amewasagia watu wa Majengo mahindi tangu bintiye, Everlyne, akibebwa mgongoni, na mashine yake ina miiko mingi kuliko bi harusi. Hasagi mzigo wa mtu kabla ya kutafuna punje moja. Akimaliza, huzima mashine, akapangusa kinywa cha mashine kwa brashi, na unga uliosalia ndani huutia katika mkebe wa buluu. Huo ni wake. Ndivyo wasagaji walivyozoea, na wateja hawana neno. Kila adhuhuri Everlyne huja kuuchukua, akampikie uji mwanawe, Dzoro, anayejifunza kutembea.

Asubuhi ile Kenga alileta gunia la mahindi ya kuku wake. Nyevu akanyoosha mkono achukue punje.

"Dada Nyevu, chakula cha kuku nacho wakionja?" Kenga akamtania.

Foleni nzima ikaangua kicheko. Nyevu akaona haya, akaurudisha mkono, akasaga. Kisha akapangusa mashine vizuri na kumsagia Bi Ummukulthum wa Tudor mahindi ya uji wa mjukuu wake.

Alasiri, akifagia, aliziona punje za Kenga zilizomwagika kizingitini. Akapasua moja. Ndani ilikuwa kijani. Akaitafuna, akaitema: chungu! Alikumbuka maneno ya afisa wa afya aliyepita pale mwaka jana, kwamba sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa nafaka, haiondoki kwa moto, hata uji uchemke vipi.

Alimpigia Kenga simu, akamwambia auzike unga wote, kuku wasiuonje. Lakini namba ya Bi Ummukulthum hakuwa nayo; alikujua tu nyumbani kwake Tudor. Akafunga mlango, akaparamia tuktuk na leso yake ya kazi, uso mweupe kwa unga. Njia nzima alikuwa akimwomba Mungu, na kumhimiza dereva, na kukilaani kicheko cha asubuhi. Kwa nini alijali kuchekwa, mtu mzima kama yeye?

"Bi! Ule unga, mtoto amekula?"

"Bado, upo jikoni. Una nini, mwanangu? Mbona watetemeka?"

Nyevu akamweleza yote, maneno yakigongana. Bi Ummukulthum akamshika mkono, akamketisha.

"Nawe wajitia wazimu bure. Si ulipangusa mashine mbele yangu? Nimekuona kwa mato yangu. Uchafu wote wa yule wa kuku umeutoa, ukautia mkebeni mwako. Wangu umetoka safi."

Nyevu alishusha pumzi. Alhamdulillahi, alisema bibi, na Nyevu akaitikia kwa kichwa. Kisha kichwa kikasimama.

Mkebeni.

Simu ilimponyoka mara mbili kabla hajaipata namba ya Everlyne. Ikaita, ikaita.

"Mama? Mbona wahema? Dzoro ameshakula, usiwe na wasiwasi. Leo amemaliza kikombe kizima, akalia nimwongeze. Nikamwongeza."